Mzigo Ulioserereka

Kwetu Gesima maiti hateremshwi kaburini kabla mtu wa nyumbani hajasimama kueleza kifo kilivyokuja: ugonjwa ulianzaje, alipelekwa wapi, daktari alisema nini. Maelezo yakiwa na tundu, watu hulijaza wenyewe, na hulijaza kwa jina la mtu wanayemwita mchawi.

Kaka yangu alikufa ndani ya ndege ya mizigo iliyokuwa ikikaribia kutua. Jina lilikuwa tayari: shangazi yetu. Yeye na kaka waligombania mpaka wa shamba la majani chai, na shangazi akamwambia mbele ya wachumaji, "Utaona wewe." Asubuhi ya mazishi nilimkuta ameketi nyuma ya jiko, viti vya kando yake vitupu. Kijiji cha pili walishachoma nyumba ya mama mzee kwa neno dogo kuliko hilo.

"Wewe, injinia wa simu," baba mdogo aliniambia, "simama utueleze. Ukisitasita, mimi siwezi kuwazuia hawa vijana."

Ni kweli, mambo ya ndege nimejifunza kwa simu tu. Tangu msiba nilikuwa nikisoma ripoti ya kwanza ya wachunguzi mpaka maneno yakapoteza maana. Nilitaka sentensi isiyo na kosa. Kila niliyoitunga iliishia mahali pamoja, na nilipofika hapo niliifuta nikaanza upya.

Nilisimama. Nikasema mawingu yalikuwa chini, rubani hakuuona uwanja, akainua pua ya ndege ili apande ajaribu upya. Mzigo ukaserereka nyuma. Mkia ukawa mzito, pua ikazidi kupanda, mwendo ukaisha, mabawa yakashindwa kuibeba. Na walikuwa chini mno kujiokoa.

"Kama pikapu ya majani chai mlimani, magunia yakirudi nyuma," mzee mmoja alisema.

"Ndiyo, mzee. Magurudumu ya mbele yananyanyuka."

"Lakini mzigo hufungwa!" kijana mmoja alipaza sauti, akimkazia macho shangazi. "Nani aliufungua?"

Ripoti ilisema mikanda ya mzigo ilikutwa haijakazwa, na kwamba uchunguzi unaendelea. Ningeweza kujibu kwamba bado haijulikani. Ingekuwa kweli, na lingekuwa tundu.

"Hakuna aliyeufungua. Mikanda haikukazwa."

"Na kuikaza ilikuwa kazi ya nani?"

Mama alikuwa mbele yangu, ameshika picha ya kaka. Alijua jibu: kila kaka alipokuja nyumbani alimpaka mafuta viganja vilivyochubuliwa na mikanda hiyo. Alinitazama, akatikisa kichwa polepole kunikataza.

"Ya kaka yangu," nikasema.

Shangazi alipokuja kutupa udongo, vijana walimpisha. Mama hakutupa. Aliacha picha kwenye kiti changu, akaingia ndani, na hajanisemesha tangu hapo.

Ripoti ya mwisho haijatoka. Kila asubuhi naitafuta kwenye simu. Naomba iseme kaka alikosea, nisije nikawa nimemsingizia, kisha naona aibu kwa kuomba hivyo.