Njuga Nzito ya Mguu wa Kushoto

Baba yangu, fundi Bakili wa mtaa wa Gerezani, hakujua kutulia. Akila, mguu wake wa kushoto unatwanga sakafu. Akisikiliza taarifa ya habari, unatwanga. Mama alichoka kumwambia, "Huo mguu ufunge kamba!" naye hucheka, kisha mguu huendelea na shughuli zake.

Mguu wenyewe ulikuwa mbovu. Kasha lilimwangukia bandarini mwaka aliotoka Masasi, na yeye aliyekuwa mchezaji ngoma wa kuitwa kijiji kwa kijiji hakucheza tena. Akageuka mtengeneza njuga. Nadhani alitengeneza miguu ya wengine kwa sababu wa kwake ulimsaliti, ingawa ungemwambia hivyo angekufukuza kibandani.

Siku moja mama wa Kihindi alishuka kwenye gari, akaruka mtaro wa maji machafu, akafungua kiganja mbele ya baba. Palikuwa na kikengele cha shaba, kidogo kama kunazi.

"Fundi, unaweza kunitengenezea ghungru mia mbili?"

"Ghungru ndiyo nini, mama?"

Akainua pindo la sari kidogo, akagusa kifundo cha mguu. Baba akapiga kelele mtaa mzima ukageuka: "Njuga!"

Mama huyo alikuwa Hansaben, mwalimu wa ngoma ya Kihindi inayoitwa kathaki, huko Upanga. Baada ya siku kumi na mbili Rais mgeni angefika, na nchi ya mgeni huyo ndiko ilikotoka ngoma hiyo. Mwanafunzi wake Nirupa angecheza mbele ya marais wawili. Njuga zake zilikuwa zimechakaa na mpya haziagiziki. Fedha za kigeni zilikuwa za matrekta na dawa, si za vifundo vya miguu.

Baba akaivalia njuga kazi ile, na hapa sitanii. Alinunua mabomba mabovu ya shaba, akayayeyusha, akasubu kwenye kalibu, akapiga tupa, akatia punje ya chuma katika kila moja. Akafunga kamba mbili, njuga mia kila mguu. Siku ya kumi Hansaben alikuja, akazitikisa, akamsifia mbele ya Nassibu muuza mapipa, ambaye miaka yote alimwita baba fundi wa makopo.

Kisha akauliza, "Zote sauti moja? Mgeni ana sikio. Kwetu njuga ikiachana na wenzake, aibu ni ya mchezaji."

"Zote, mama," akasema baba.

Alidanganya. Kwenye kamba ya kushoto moja ilikuwa nzito, ya sauti ya chini. Mjomba wake aliyemfunza kazi hakuacha kamba itoke bila njuga moja ya namna hiyo. Mkono wa baba uliitia bila kumwuliza, kama unavyotia chumvi.

Siku mbili zilizofuata nilitamani kumhama. Alianza kwenda Upanga kukiri, akaishia Mnazi Mmoja akarudi, akaenda tena. Chai aliiacha ikapoa. Mguu ulitwanga mpaka sahani zikalia kabatini.

"Baba, si ungesema tu?"

"Ningesemaje, Sofia? Ameshanisifia mbele ya Nassibu!"

"Kwa hiyo binti wa watu aaibike kwa ajili ya Nassibu?"

Mguu ukazidi kutwanga. Nilimkasirikia kwelikweli, na nilimwonea huruma, na vyote viwili vilinikera.

Siku ya ugeni watoto wa shule walipanga mstari barabarani na vibendera. Mimi nilikuwa mfanya usafi kwenye ukumbi ambamo Nirupa angecheza, kwa hiyo baba alijitokeza mlango wa jikoni amevaa kanzu ya Idi, mfuko umetuna. Koleo ya kuikatia ile njuga nzito! Siku ambayo hata vijiko vilihesabiwa! Nilimnyang'anya nikaitumbukiza kwenye ndoo yangu.

"Basi nitaikata kwa meno," akasema.

Nyuma ya jukwaa Nirupa alikuwa ameshavaa, na Hansaben alikuwa anamkaripia. Ngoma iliishia kwenye mizunguko ishirini na saba, na binti alitakiwa asimame uso kwa mgeni, papo hapo ngoma ya mkono, tabla, inaponyamaza. Tangu asubuhi alikuwa akipoteza hesabu. Mara moja alimalizia akitazama ukuta.

Baba akapiga magoti, akaunyooshea mkono mguu wa kushoto wa binti.

"Usiguse!" Hansaben akapaza sauti. "Zimeshaombewa. Hazifunguliwi mpaka ngoma iishe."

"Mama, nilikudanganya. Moja ni nzito. Nilijua ulipouliza."

Sijawahi kuona uso ukikunjika kama wa Hansaben. Nirupa akakanyaga mara moja, akaisikia.

"Ya nini, mzee?"

"Kichwa kikishachukuliwa na ngoma," baba akasema, "ikuambie mguu wako uko wapi."

Jina la binti likaitwa. Hansaben akamwonyesha baba kigoda kando ya pazia. "Kaa hapo. Ikiharibika, uione."

Baba akakaa. Mwanzoni njuga zililia kama mvua juu ya bati, na kila nilipoisikia ile nzito, nilimtupia Hansaben macho. Mpiga tabla aliutupia jicho mguu wa Nirupa mara ya kwanza, akatupa ya pili. Mgeni alikuwa ameinama mbele kitini. Kisha mizunguko ikaanza. Kila kisigino cha kushoto kilipotua, njuga nzito ikaitika, na tabla ikaanza kuifuata. Nikajikuta nahesabu kwa midomo. Ishirini na tano. Ishirini na sita. Tabla ikanyamaza, njuga nzito ikaitika peke yake, na Nirupa alikuwa amesimama wima, uso kwa uso na mgeni.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Hansaben alikuja pale kando akijifuta macho na ncha ya sari. Hakutabasamu.

"Umenidanganya, fundi."

"Ndiyo, mama."

"Mwezi ujao nitazileta uzibadilishe kamba." Akageuka kuondoka, akasita. "Ile nzito usiiguse."

Baba aliitikia kwa kichwa tu. Mikono yake miwili ilikuwa bado imeubana mguu wake wa kushoto, usije ukatwanga ukasikika.