Kura ya Baba Hodan

Kavuo Germaine alizaliwa Kalunguta, mashariki mwa Kongo, katika familia ya wakulima ambayo haikukosa misa ya Jumapili hata mvua ikinyesha namna gani. Alikuja Butembo akiwa msichana, akafungua malewa karibu na mahali malori ya kutoka Kasindi mpakani yanapopakua mizigo. Ilikuwa jiko la barabarani tu: benchi, meza mbili, sufuria ya wali, sufuria ya sombe, yaani kisamvu, na nyingine ya maharage. Madereva walikula mbiombio, jicho moja likiwa kwenye lori. Lakini kulikuwa na Msomali mmoja mrefu, Warsame, ambaye alikula polepole, kisha akaosha sahani yake mwenyewe kwenye beseni. Kavuo hakuwahi kuona mwanamume akifanya hivyo. Alimcheka mara ya kwanza. Baadaye akaanza kumwekea wali wa juu, ule usioungua, na siku ambazo lori lake lilichelewa alijikuta akitazama barabara.

Walioana. Kavuo akaingia dini ya mumewe, msikitini akaitwa Maimuna, lakini mtaani alibaki Kavuo. Kaka yake Kamate, aliyebaki Kalunguta akilima, alisema mbele ya ukoo kwamba hatakula tena chakula cha mikono ya dada yake. Akalishika neno hilo kwa miaka mingi.

Hodan, binti yao, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama wakati simu ilipopigwa kutoka Kenya. Warsame alikuwa ameikimbia Somalia akiwa mtoto, akalelewa kambini pamoja na mama yake, na jina lake lilikuwa bado limo katika dossier ya mama huyo, faili lake la ukimbizi. Sasa mama alikuwa amekubaliwa kwenda Amerika. Alikuwa mzee, macho yake hayaoni vizuri, na hakuwa na mtoto mwingine wa kumshika mkono. Warsame alikaa siku nzima bila kugusa chakula. Kavuo ndiye aliyemwambia aende. Warsame akasema miaka miwili tu, kisha atawaita.

Miaka miwili ikapita, ikazaa mingine. Dossier ya mke na mtoto ilitembea kidogo, ikasimama, ikatembea, ikasimama tena. Huko Minesota Warsame alirudia kazi yake ya lori, akavuka nchi tambarare zisizo na mlima hata mmoja. Kila Ijumaa, kabla ya kuanza safari, alipiga simu, na Butembo ilikuwa saa ile ya mchana malewa yanapotulia. Kavuo alikuwa akijifuta mikono, akikaa kwenye benchi upande ambao Warsame alikuwa akikaa zamani, na kuongea. Katika sanduku lake alikuwa na shati moja la mumewe ambalo hakulifua. Harufu ya mazuti ya lori ilikuwa imeisha zamani, lakini alilikunjua mara kwa mara, akanusa kitambaa kitupu, akalikunja tena.

Mwaka wa 2018 Warsame akawa raia wa kule, na mwezi wa kumi na moja akapiga kura kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alipiga simu akiwa na furaha kama mtoto. Kavuo alifurahi naye. Mwezi uliofuata, Butembo na Beni zikaambiwa kwamba uchaguzi wa Kongo hautafika kwao, kwa sababu ya Ebola na vita. Kule Beni vijana walijitengenezea masanduku yao, watu wakapanga foleni wakapiga kura ambayo hakuna aliyeihesabu Kinshasa. Ijumaa ile Kavuo alimwambia mumewe, bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyechoka:

“Weye mugeni ya kule, banakupatia kura. Siye benyeji ya huku, batukatalia.”



Kisha mauaji yakazidi. Watu wa pori, yaani waasi wa msituni, waliua upande wa Mbau, wakateremka, wakafika vijiji vya Kalunguta. Waliua Wakristo na Waislamu vilevile, lakini wauaji hao walikuwa wakilitaja jina la Mungu kwa Kiarabu, na hiyo ilitosha kwa watu mtaani kukitazama kitambaa cha kichwani cha Kavuo kwa jicho lingine. Wateja kadhaa wakahamia malewa ya jirani. Mwanamke mmoja aliyesoma naye katekisimu alivuka barabara alipomwona.

Asubuhi moja Kamate akatokea mlangoni akiwa na godoro kichwani na mke wake nyuma. Shamba lilikuwa limebaki porini, nyumba imechomwa. Alisimama bila kuingia.  Kavuo alipakua bukari, ugali wa huko, na sombe, akaweka mezani, akaenda kuosha sufuria ili asimwangalie. Aliposikia kijiko kinagonga sahani, alilia huku mgongo umewageukia. Tangu siku hiyo Kamate aliishi pale.

Uchaguzi ulipokuja safari hii, mwishoni mwa 2023, Butembo haikuachwa. Wagombea wakafika hata kwa Waislamu, ambao hapo kabla hakuna aliyewatafuta. Mmoja wao aliitwa Lusenge Étienne, mfanyabiashara mwenye radio yake na sauti nzuri. Alikuja uwanja wa msikiti akiwa na sukari na mifuko ya mchele, akaeleza kwamba chama chake njo, yaani ndiyo, parti ya Waislamu, na kwamba ile nyingine inawachukia. Jana yake, mtu wa ile nyingine alikuwa amesema maneno hayohayo, ila yeye alileta sabuni.

Kavuo alisimama katikati ya wanawake akaomba kuuliza.

“Honorable, tukitoka huku na sukari yako, na kesho batu bauwawe ku Mbau, na bavijana ya musikiti bakamatwe bure, weye utasema nini mu radio?”

Étienne alitabasamu. Alisema mambo hayo ni ya usalama, yanahitaji hekima, na atayafuatilia akishachaguliwa. Wanawake wakapokea sukari, kwa sababu sukari ni sukari. Kavuo alipiga kura yake siku ilipofika, kwa mwanamke mwalimu wa parti ndogo ambaye hakuwa na chochote cha kugawa na ambaye alishindwa vibaya. Étienne alishinda. Mwaka uliofuata vijana wawili wa msikiti walichukuliwa na askari baada ya shambulio, wakakaa ndani majuma mengi, wakarudi wamekonda. Radio ya Étienne ilizungumzia barabara.

Ilikuwa mwaka huohuo, karibu na uchaguzi wa Amerika, ndipo Warsame alipompigia simu siku isiyokuwa Ijumaa. Hodan alikuwa ametoka shule, akaipokea, akampa mama yake.

Warsame alieleza kwamba msikitini kwao watu wanagombana. Kuna parti mbili kule, akasema, moja alama yake punda, nyingine tembo. Wengi wa Wasomali walizoea ya punda, maana ile ya tembo ilishawahi kuwafungia mlango watu wa nchi zao. Lakini wazee wengine walikuwa wakihamia kwa tembo, wakisema kuhusu dini na malezi ya watoto ndiyo inayofanana nao. Vijana walikasirikia pande zote mbili kwa ajili ya vita vya Gaza, wakaapa kubaki nyumbani. Na yeye mwenyewe alikuwa na hesabu yake: chini ya tembo dossier ilisimama, chini ya punda ikatembea kidogo tu, ikasimama tena.

“Mama Hodan,” akasema, “miye nimeshindwa. Weye njo unangoja. Niambie nani, na miye nitaandika yule.”

Kavuo akamwomba muda.

Alizunguka na neno hilo kama mtu aliyebeba maji bila kata kichwani. Kamate, aliposikia, alicheka kwanza: dada yake wa Kalunguta anachagua rais wa Amerika. Kisha akamweleza kwamba kwao kijijini parti moja ilileta chumvi, nyingine ikaleta mashati, na siku nyumba zilipochomwa hakuna iliyoleta hata turubai. Alisema yeye anaipima parti kwa kuangalia nani anakuja mazishini. Lakini hakujua nani anakuja mazishini Minesota.

Kavuo alijaribu kumchagulia yule wa kufungua mlango. Kila alipofikiri hivyo alijiona yeye na Hodan wakishuka kwenye ndege, na mwanamume mrefu amesimama na makoti mawili mkononi. Alikuwa ameitazama picha hiyo miaka mingi mno hata ikachakaa kama lile shati. Akagundua kwamba Hodan hayumo tena ndani yake. Hodan wa kwenye picha alikuwa mtoto wa kubebwa, na huyu wa kweli alikuwa amempita mama yake urefu.

Ijumaa Warsame alipopiga, Kavuo aliongea polepole.

“Baba Hodan, ile kura ni yako. Weye njo unapita mu barabara ya kule, mama yako njo anatibiwa kule. Chagua mwenye atamusaidia mama. Miye, parti yangu ni ile yenye itatuweka mu chumba moja, na ile haiko, huku ao kule. Miye hapana nataka tena mulango ya Amerika. Minakutaka weye. Kuja nikuone.”

Warsame akasema atatafuta jirani wa kukaa na mama. 

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata mlango wa wakimbizi kule Amerika ukafungwa kabisa, na Warsame akamtangazia habari hiyo kama anayetangaza kifo cha mtu aliyeugua muda mrefu. Kiangazi kilipofika akachukua likizo, akashuka kwa ndege Entebbe, akavuka mpaka wa Kasindi. Kavuo na Hodan walikwenda kumpokea Beni.

Hapo kwenye maegesho, Kavuo aliwaangalia abiria wote na kumpita kwa macho. Alikuwa akimtafuta mtu mwembamba mwenye nywele nyeusi. Ndipo mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe na tumbo kidogo akasema, “Mama Hodan,” na sauti ikawa ileile. Hawakukumbatiana mbele za watu. Walishikana mikono na hawakuachiana. Hodan alisimama kando, akampa baba yake mkono kwa adabu ya shule na kusema, “Bonjour, papa.” Warsame aliupokea mkono huo kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa.

Katika barabara ya kurudi Butembo askari walisimamisha gari kwenye barrière, kizuizi chao cha barabarani. Mmoja, aliyesema Lingala zaidi kuliko Kiswahili, aliichukua pasipoti ya Warsame, akaona ni ya Amerika, akamrudishia na kumtakia safari njema. Kisha akamgeukia Kavuo. Akamwambia ashuke, akamwaga mkoba wake, akamuuliza ametoka wapi na anakwenda kwa nani.

“Natoka Kalunguta,” alisema Kavuo. “Inchi yenye uko unasimama ni ya babu yangu.”

Askari aliangalia carte yake ya utambulisho kwa muda mrefu, akamwachia. Ndani ya gari Warsame alikuwa amefunika uso kwa kiganja. Aliomba msamaha, kana kwamba yeye ndiye aliyemshusha. Kavuo alimwambia anyamaze tu, amezoea.

Mwezi ule ulikuwa mzuri, na ulikuwa mgumu. Warsame aliosha sahani malewa, madereva wapya wakamshangaa. Kamate alimpeleka kuona shamba lililoanza kulimwa tena. Lakini Warsame aliamka asubuhi akigusa ukuta kutafuta taa upande usio na taa, na kila siku alipiga simu kumuuliza jirani kama mama amekula. Siku moja, wakichambua maharage, alimweleza Kavuo kuhusu ile kura bila kuulizwa. Mstari wa rais aliuacha mtupu. Chini, kwenye viti vya baraza la mji, alimpigia kura mwanamke mmoja Msomali aliyepigania basi la kuwachukua wazee hospitali. Huyo alishinda. Sasa mama anapanda basi hilo.

“Ni vizuri,” Kavuo akasema, na alikuwa anamaanisha.

Walikubaliana aje kila mwaka kiangazi, mama akiwa hai. Baada ya hapo wataona. Kavuo alimsindikiza mpaka Beni tu, kwa sababu hakutaka kumwona akivuka mpaka. Alirudi Butembo akawasha moto.

Siku hizi simu ya Ijumaa inapolia, Hodan ndiye anayeikimbilia. Ameanza kuokota maneno ya Kisomali kwa madereva, anamrushia baba yake, baba anamsahihisha, wanacheka. Kavuo huendelea kukoroga sombe, akiwasikiliza. Haelewi wanachosema. Anapunguza moto ili sufuria isivume, asikie vizuri.