Jina la Kambo Ngoie

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, baba yangu mzazi aliniita mama, na pale nyumbani hakuna aliyeona ajabu. Kwetu sisi tulio na asili ya kaskazini mwa Katanga, mtoto akipewa jina la mzee aliye hai, anapewa pamoja na heshima yake. Mimi nilipewa jina la Ngoie, mama yake baba. Kwa hiyo baba alipotoka safari alinipa mikono yote miwili na kuniuliza, "Mama, mulibakia muzuri?" Nami nilijibu kwa sauti nzito, kama mwanamke mwenye wajukuu, "Tuko muzuri, mutoto wangu." Mama yangu alicheka hadi akajishika mbavu. Yeye aliniita mama bukwe, yaani mama mkwe, na nikimwaga maji sakafuni alisema hawezi kunichapa, familia nzima itamshtaki.

Nalisema hili mapema makusudi. Watu nikiwasimulia mambo haya, huwa wanamchukia mama kabla sijafika popote. Mama alikuwa mtu wa kucheka, tena kwa sauti, mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Tuliishi mtaa wa Bel-Air, nyumba ya vyumba vitatu na ua mdogo. Baba aliendesha lori, njia ya Kasumbalesa, na lori liliweza kukaa kwenye foleni ya mpakani wiki nzima likingoja karatasi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake watatu: mama, mimi, na kambo. Kambo ndivyo tunavyomwita babu au bibi Lubumbashi. Wangu alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, Mkatoliki wa misa ya alfajiri, rozari mfukoni, mguu mmoja ukimsumbua. Alijulikana mtaani kwa munkoyo wake, uji mwepesi wa mahindi unaotiwa mizizi iliyopondwa. Ukilala siku moja unakuwa mtamu, ukilala mbili unauma ulimi.

Kambo aliamini, kama wazee wengi wa kwao, kwamba watu wa jina moja wanagawana uhai. Nikishikwa na homa, aliyeniogesha alikuwa yeye. Nikianguka, aliniuliza goti gani, kisha akajipapasa la kwake. Na aliniambia zaidi ya mara moja kwamba jina likiondolewa bila mwenyewe kukubali, mmoja kati ya wale wawili hafikishi mvua zinazofuata. Hakulisema kwa kutisha. Alilisema kama mtu anayekukumbusha usilale na makaa yanawaka chumbani.

Baada yangu mama alizaa watoto wawili, na hakuna aliyemaliza mwezi. Wa kwanza nilimwona tu miguu, ikitokeza kwenye kitambaa. Wa pili nilimbeba. Hospitali walimwambia mama kwamba mambo haya hutokea, apumzike, ajaribu tena. Padri alimwambia Mungu anajua. Baba alimwambia asilie sana, kisha akarudi barabarani. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi sasa, na mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia akina mama kwamba mambo haya hutokea. Kila nikilisema naona aibu, kwa sababu najua mlango gani unafunguka mwanamke akiambiwa hivyo na kuachwa peke yake.

Jirani mmoja alimpeleka mama kwenye kundi la maombi. Walikusanyika katika uwanja wenye ukuta mrefu wa matofali, juu wametandaza turubai la bluu, na aliyewaongoza aliitwa Mama Nabii. Alikuwa na sauti ya upole sana. Nasema ukweli, hata mimi niliipenda. Alimkumbatia mama, akamuuliza majina ya wale watoto wawili, na akayataja katika maombi. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameuliza majina yao.

Masharti yalikuja moja moja. Kwanza kitambaa cheupe kichwani. Kisha kuacha misa. Kisha kutokwenda kwenye msiba wa mtu asiye wa kundi, hata akiwa ndugu. Kisha dawa za hospitali zikatupwa chooni. Kisha mama akaambiwa asile chungu kimoja na mtu ambaye hajaombewa, na siku hiyo akanunua mbabula ya pili, lile jiko letu la makaa. Kukawa na mioshi miwili katika ua mmoja. Kambo alipika bukari yake, ugali wetu, upande wa choo, mama upande wa mlango, na mimi nilikula kwa mama huku nikimtazama kambo akila peke yake. Kicheko cha mama sikumbuki kiliisha siku gani.

Ndipo Mama Nabii akaona katika maono kwamba kinachokula watoto kinaingia kupitia jina langu. Mzee aliniachia jina ili awe na miguu mipya, alisema, na miguu hiyo inamfikisha kwenye tumbo la mama. Nilitakiwa kuvuliwa jina na kuvikwa lingine. Mama alirudi nyumbani akaniita Dorkasi. Siku mbili sikuitika. Siku ya tatu niliitika, kwa sababu aliyeitika ndiye aliyepewa chakula.

Kambo alisikia. Aliacha kupepeta unga, akasimama katikati ya ua, akamwambia mama kwa jina ambalo mtaa mzima ulimwita:

"Mama Ngoie, ile jina ni yangu, miye njo nilimupatia. Mukiiondosha bila miye kukubali, mumoja wetu hatafika mvua. Na sitaki ikuwe yee, mutoto."

Nilikuwepo. Nilisikia yote, na mwisho wake hasa. Mama alipeleka maneno hayo kwa kundi siku hiyohiyo, lakini yale ya mwisho hayakufika. Kule uwanjani yalifika kama kiapo: bibi mwenyewe amesema mtoto hatafika mvua. Nimejiuliza mara nyingi kama mama aliyaacha makusudi au hakuyasikia kabisa. Mtu aliyeambiwa kwamba ana adui nyumbani husikia nusu ya kwanza ya kila sentensi.

Ikaamriwa funga kavu ya siku tatu, mimi na mama, bila chakula wala tone la maji. Ilikuwa Juni, miezi yetu ya baridi, vumbi jekundu kila mahali na midomo inapasuka hata kwa aliyekunywa. Siku ya kwanza niliona fahari, nilijiona mtu mzima. Siku ya pili nililamba ukuta kwa sababu ulikuwa baridi. Siku ya tatu mchana mama alilala, amechoka, nami nikatoka nikakaa nyuma ya bafu la mabati.

Kambo alinikuta hapo. Alikwenda akarudi na kikombe cha bati chenye munkoyo wa siku moja, akanishika kisogo kama anavyoshikwa mtoto mchanga, nikanywa. Alipotaka kuondoa kikombe nililia, akaenda akaleta kingine.

"Usiseme kwa mama yako," alisema. "Atakuwa na huzuni."

Hilo ndilo kosa lake pekee ninalolijua, na alilifanya kwa sababu bado alikuwa anamhurumia mkwe wake.

Kesho yake alfajiri, kabla ya kula chochote, tulipelekwa kwa Mama Nabii. Walinikalisha kwenye kiti katikati, wanawake wa vitambaa vyeupe wakanizunguka wakiimba polepole. Pembeni, kando ya ukuta, mmoja wao alikuwa anakoroga uji wa karanga kwenye sufuria. Waliniambia ule uji ni wangu, nikishamaliza kufunguka. Mimi na harufu ile ya karanga mpaka leo hatuelewani.

"Mwanangu," Mama Nabii aliniuliza, "kuko muntu alikupatia kintu ya kunywa?"

Nilitazama sufuria. Akarudia, kwa upole uleule. Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatazama midomo yangu.

"Ndiyo."

"Nani?"

"Kambo."

Wimbo ukapanda. Mtu alinipapasa mgongo na kusema vizuri, vizuri.

"Ilikuwa na rangi gani?"

"Jaune kidogo, sawa mahindi."

Wimbo ukashuka. Yule mwanamke aliyekoroga uji akaacha kukoroga. Mtoto wa miaka minane anaelewa mambo kama hayo haraka kuliko mtu mzima.

"Haikukuwa rouge? Sawa damu?"

"Ilikuwa rouge."

Ukapanda tena. Alikuambia usiseme kwa mama yako? Ndiyo. Hapo hata sikudanganya. Alikunywesha na watoto wengine? Ndiyo. Wadogo? Ndiyo. Wawili? Nilipofika kwa wale wawili nilikuwa nimekwisha jua ninakokwenda, na nilikwenda. Mama alipiga kelele moja, akaanguka magotini, akanikumbatia kiunoni kama vile mimi ndiye niliyemzaa. Hajawahi kunikumbatia hivyo kabla wala baadaye. Kisha nikapewa uji. Niliumaliza, nikaomba wa pili, nikapewa.

Kambo alikuwa misani. Aliporudi alikuta mkeka wake, beseni lake, vitenge vyake na mizizi yake ya munkoyo vimetupwa nje ya lango. Watu sita wa kundi walisimama mlangoni wakiomba kwa sauti. Majirani walitoka kutazama, na vijana wawili wakaanza kuita "mulozi, mulozi", ambaye ndiye mchawi kwetu. Mmoja alimrushia mchanga. Baba tulimtafuta kwa simu ya jirani ila hakupatikana. Alikuwa mpakani, kwenye foleni. Kusema kweli sijui ni nani hasa aliyemtafuta. Huenda hakuna.

Kambo hakujitetea. Alifunga mzigo wake taratibu, akiukung'uta mchanga. Mpwa wake aliyelima shamba kule njia ya Kinsevere aliitwa, akaja na baiskeli. Kabla ya kuondoka kambo aliinua uso akaomba kuniona. Mama alijibu kwamba Dorkasi hatatoka. Nilitoka hata hivyo, nikasimama kwenye kizingiti, tumbo limejaa.

"Majina yangu," alisema, kwani hivyo ndivyo watu wa jina moja wanavyoitana kwetu, "balikupa kula?"

"Ndiyo, kambo."

"Bon. Aksanti Mungu."

Akageuka, akashika kiti cha baiskeli, wakaondoka kwa miguu kwa sababu hakuweza kupanda.

Baba alirudi siku ya tano. Kulikuwa na kelele, sahani zikavunjika, mama akasema mzee akirudi yeye anaondoka na mimi na kundi litatuficha. Baba alikuwa mtu mkubwa mwenye moyo mdogo. Alimpelekea mama yake blanketi na unga, akalia huko, akarudi kulala kwetu. Mimi hakuniita tena mama. Hakuniita Dorkasi pia. Aliniita "weye".

Kambo alifariki mwishoni mwa Septemba, wiki chache kabla ya mvua ya kwanza. Hatukwenda kwenye msiba, kwa kuwa masharti hayakuruhusu. Baba alikwenda peke yake. Na ndani ya mvua hizo hizo mama akapata mimba, akazaa mtoto wa kiume, na mtoto akaishi. Yupo hadi leo, fundi wa magari, mpole, anapenda kuchelewa. Jaribuni kumwambia mama kwamba Mama Nabii alikosea, wakati ushahidi wake umekaa mezani unakula.

Mimi nina maelezo yangu ya kazini. Mzee wa miaka sabini na kitu, chumba kisicho na saruji, baridi ya Juni na Julai, kifua, hakuna wa kumpeleka hospitali, na kabla ya yote hayo, watu wake mwenyewe wamemwita mchawi. Hahitajiki jini kueleza kifo hicho. Lakini sitadanganya: alisema mmoja hatafika mvua na asiwe mimi, na ikawa hivyo. Usingizi ukikataa, maelezo ya kazini hayanitoshi.

Mama amezeeka ndani ya kundi lile. Mama Nabii alikufa, akaingia mwanawe, masharti ni yaleyale. Akija kwangu anakuja na chupa yake ya maji na hali chakula changu, mimi binti yake, kwa sababu sijaombewa. Miaka mingi tuliongea habari za bei na magonjwa tu. Mwaka jana, akiwa amekaa jikoni kwangu akinitazama nikichambua sombe, majani ya mhogo, nilishindwa. Nilimuuliza kama kweli aliamini kambo alikula watoto wake.

Hakukasirika. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Si weye njo ulisema? Miye niliamini mutoto wangu."

Maisha yangu yote nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu, isipokuwa hilo.

"Nilikuwa na njala, mama," nilisema. "Nilisema sababu ya ule uji."

Aliweka mikono mapajani, kitambaa chake cheupe kimefuliwa na kupigwa pasi. Nilidhani atanikemea, au ataanza kuomba.

"Najua," alisema. "Nilijua tangu ile siku."

Kisha akafungua chupa yake, akanywa maji kidogo, akaniuliza mdogo wangu atapita saa ngapi kumchukua.