Jiwe Ambalo Mama Mizani Hakulipima

Fundi wa mizani wa mtaa ule ni mwanamke, na wote wanamwita Mama Mizani. Ufundi aliurithi kwa baba yake, pamoja na benchi, tindo na mizani moja ya shaba ambayo hakuna mwenye ruhusa ya kuigusa, hata mumewe. Wenye maduka humletea mawe ya mizani yaliyolika kwa kutumika, naye huyachimba tumbo kwa chini, akayajaza risasi iliyoyeyushwa mpaka uzito urudi mahali pake. Ukimwambia mfuko huu ni kilo mbili, anakunyang'anya mfuko na kuuweka juu ya mizani. "Mdomo haupimi," ndivyo asemavyo. Shemeji yake aliambiwa hivyo mbele ya wageni wake mwenyewe, kwa ajili ya samaki aliyedai kuwa mkubwa.

Basi asubuhi moja akaingia Redio. Huyu ni mfagiaji wa ufukweni, na jina hilo amelipata kwa haki, maana habari ikimwingia sikio la kulia, kabla haijafika la kushoto imeshafika sokoni. Alikuwa amebeba begani kitu kirefu kama mkono wa mtoto, kizito, kimeota magamba ya bahari. Juu kilikuwa na tundu la kupitisha kamba, chini kilikuwa na shimo. Alikiokota pale bahari ilipomega mchanga, nyuma ya duka la kona.

"Dada, nimepata bomu."

"Bomu ndiyo unalibeba kama kuni?"

"Basi dhahabu."

Mama Mizani alikuwa na mteja, na skrubu kazibana kwa meno. Alikigeuza, akakikwaruza kwa ukucha, risasi ikang'aa. Akaona lile shimo la chini. Mtu aliyekula ujana wake akijaza mashimo ya chini ya mawe ya duka, ataona nini kingine?

"Jiwe la mizani la zamani," akasema. "Limechimbwa tumbo likaachwa tupu. Jiwe la mwizi hilo."

Akalisukuma chini lizuie mlango usigongwe na upepo, akarudi kwenye kazi yake.

Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na taarifa. Jiwe la mwizi limeokotwa nyuma ya duka la kona, na duka la kona alilifungua nani? Marehemu, mume wa yule bibi anayekaa chumba cha nyuma, ambaye binti yake ndiye muuzaji sasa. Watu waliolelewa kwa konzi za nyongeza marehemu alizowatilia mifukoni sasa walikumbuka, eti, kuwa mifuko yake ya sukari ilikuwa ikilegea. Kwenye kaunta ukaanza utani: "Dada, leo unatupimia kwa jiwe gani, la nchi kavu au la baharini?" Siku ya kwanza binti alicheka. Baadaye akaanza kufunga mapema, na mama yake humo ndani akaacha kula chakula cha jioni.

Halafu bibi mwenyewe akatoka, akaja na fimbo yake mpaka kwa fundi.

"Shikamoo, bibi," Mama Mizani alisema, akamfutia kiti.

"Marahaba. Sikuja kukaa. Lile jiwe, mwanangu, ulilipima?"

Jiwe lilikuwa pale pale mlangoni, bibi amelivuka akiingia. Mama Mizani alilitazama.

"Sikulipima, bibi."

"Haya. Nimeuliza tu." Akageuka, akaenda zake polepole, mkono ukutani.

Wengine wangejitetea. Yeye alimwomba mteja aliyekuwapo arudi kesho, akaliweka jiwe kwenye mizani ya shaba. Halikukaa kwenye kilo, wala kwenye ratili, wala kipimo chochote alichoachiwa na baba yake. Mwizi hupunguza kidogo tu kwenye kilo. Hili halikuwa karibu na kilo yoyote. Akachokonoa shimo kwa sindano. Kikatoka kitu kigumu kama nta kuukuu, kimenasa mchanga mweusi laini kama majivu. Mchanga wa ufukwe wao ni mweupe.

Akalifunga kwenye aproni, akaenda nalo makumbusho.

Bwana wa makumbusho hakucheka, wala hakukurupuka. Alileta taa, akageuza, akasoma, akafungua makabati, na Mama Mizani akamshikia taa.

"Hii ni bildi," alisema mwishowe. "Mabaharia waliifunga kamba na kuitumbukiza wapime kina cha maji. Hapo chini walipaka mafuta ya mnyama, ili yanase mchanga wajue chini kuna nini."

"Ya lini?"

"Mwaka kamili sina. Ila zenye pembe nane na shingo nene hivi tunazo kutoka kwenye meli moja iliyozama, na ile tunajua ilizama lini. Weka miaka mia na hamsini, huenda zaidi."

"Ahsante kwa kutobuni," akasema.

Angeweza kumnong'oneza Redio, yakaisha. Badala yake aliibeba ile mizani ya shaba, ambayo haikuwahi kuvuka kizingiti, akaisimamisha kwenye kaunta ya duka la kona saa ambayo watu wamejaa kununua mkate. Akaweka bildi upande mmoja, akawapa wateja mawe wayapange wenyewe upande wa pili. Walipanga wakapangua, halikupatikana la kulingana nayo. Akawaeleza kazi ya bildi na umri wake.

"Kwa hiyo marehemu hakuiba?" Redio aliuliza.

"Miaka mia na hamsini, Redio. Aliiba sukari akiwa wapi, tumboni mwa bibi yake?" Watu wakacheka, naye akangoja wanyamaze. "Nilisema kabla ya kupima. Jiwe la mwizi lilikuwa neno la mdomo wangu, na kila aliyelisikia kwangu akamwambie aliyemwambia."

Kisha akayatoa mawe yote ya duka, akayapima mbele yao moja moja, binti akiyafuta vumbi na kumpa. Yote yalikaa sawa.

Sauti ikatoka chumba cha nyuma. "Safari hii umepima?"

"Nimepima, bibi."

"Basi ingia ukae."