Fundi wa Intaneti Asiyekataa Chai

Saa mbili na robo asubuhi, Isozaki Fumie yuko juu ya nguzo ya simu. Ni mita sita kutoka ardhini, lakini leo ukianza kupima kwenye theluji ni mita nne tu. Hapa Kurohama, pwani ya Akita, majira ya baridi hufupisha hata nguzo. Wanasema mwaka mmoja bwana fulani aliegesha baiskeli yake nje ya posta mwezi Desemba, akaja kuikuta Aprili imening'inia juu ya msonobari, kengele yake bado inalia. Anayebisha akaulize posta.

Fumie hana muda wa baiskeli. Anafungua kikasha cheusi, anakagua nyaya za faiba zilizo nyembamba kama unywele, kisha ananyoosha kidole na kusema kwa sauti, peke yake huko juu:

“Kiungo, sawa! Mwanga, sawa! Mkanda wangu, sawa!”

Kunguru aliye kwenye waya wa jirani anahama.

“Macho yakishazoea kitu, yanaacha kukiona,” anaeleza akishuka. “Lakini kidole kikinyooka na mdomo ukataja, macho yanaona aibu kulala.”

Ana miaka 59. Thelathini na miwili kati ya hiyo ameitumia kuwaunganishia watu wa pwani hii simu, na siku hizi intaneti. Kwenye kituo chao kuna mafundi kumi na tisa, na mwanamke ni yeye peke yake. Mwezi ukiisha anapeleka nyumbani kama yeni laki mbili na elfu kumi, pamoja na magoti mawili ambayo daktari ameshayakatia tamaa.

Nyumba anayoikabili asubuhi hii imeita fundi mara tatu ndani ya siku kumi na moja. Vijana wawili walikuja kwa zamu. Wa kwanza alibadilisha waya, wa pili akabadilisha ruta. Wote wawili waliandika maneno yaleyale kwenye fomu: hakuna hitilafu. Ofisi imemwambia Fumie kwamba naye asipoona kitu, faili lifungwe.

Mlangoni amesimama Mzee Kurosu Tomekichi, miaka 81, mikono nyuma kama mkaguzi.

“Leo wameleta mwanamke,” anasema.

“Wavulana wameisha, mzee.”

“Na wewe ukishindwa?”

“Wataleta paka.”

Mzee anamtazama kidogo, kisha anamsogezea kandambili za wageni. Amekubalika.

Ndani, chini ya runinga, kuna mashine ya gemu, nyeusi, imefutwa vumbi hadi inang'aa. Binti wa Mzee Kurosu aliye Sendai alinunua mbili. Moja ni hii. Nyingine iko kilomita arobaini kutoka hapa, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kando ya kitanda cha mtu anayeitwa Otaki Genpachi.

Kurosu na Genpachi waliendesha treni ya kusukuma theluji kwa miaka ishirini na sita, bega kwa bega kwenye kibanda kimoja cha dereva. Reli ilipita ukingoni mwa bahari, na kila siku waliwaona watu wamekaa miambani na fimbo zao za kuvulia. Kila siku waliambizana kwamba wakistaafu watakwenda kuvua. Walistaafu. Mmoja akapata ugonjwa wa mgongo, mwingine akapata kiharusi. Genpachi sasa hawezi kusema wala kutembea. Kilichobaki kizima ni mkono wa kulia.

“Hata huo mkono ni kidole gumba ndicho chenye akili,” anasema Mzee Kurosu. “Vingine vinamfuata tu.”

Kidole gumba kinatosha kubonyeza pedi ya kuchezea gemu. Basi kila siku saa tisa alasiri, wauguzi wakimaliza zamu yao, Genpachi huwashiwa mashine kwa nusu saa. Hao wazee wawili hukutana ndani ya gemu, kwenye mwamba, na kuvua. Mwaka jana Mzee Kurosu alimtoa samaki mkubwa kiasi kwamba, kwa maelezo yake, ilibidi runinga isogezwe ukutani ili mkia uenee.

Sasa siku ya kumi na moja hii, ikifika saa tisa, mtandao unakatika. Unarudi, unakatika. Ikifika saa tisa na nusu unatulia kabisa, na Genpachi ameshazimiwa.

“Mtu mwingine ningempigia simu nimweleze,” anasema mzee, na sauti yake imeshuka. “Genpachi nitampigia asikie nini? Wauguzi wanamwambia ni mtandao, lakini yeye mtandao haujui, ananijua mimi. Anaona tu mwenzake anakuja, anasimama kidogo, anatoweka. Anadhani nimechoka naye.”

Mkewe, Yasue, miaka 78, anaongezea kutoka jikoni kwamba muuguzi alipiga simu juzi. Genpachi ameanza kugeukia ukuta. Jana pedi hakuishika.

Fumie anaanza kazi. Ruta iko jikoni, juu ya jokofu, kwa sababu tundu la simu liliwekwa huko tangu zamani. Ananyoosha kidole kwenye kila taa.

“Umeme, sawa! Mstari, sawa! Waifai, sawa!”

“Sawa!” anajibu Mzee Kurosu kutoka sebuleni.

Fumie anageuka.

“Ndivyo tulivyokuwa tukifanya,” anasema mzee, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. “Mimi nataja taa ya reli, Genpachi anajibu. Asipojibu, treni haiendi. Nyinyi watu wa simu mmetuibia.”

Vipimo vyote ni vizuri. Fumie anapima jikoni, koridoni, sebuleni. Anamwomba mzee aingie kwenye gemu na aache mtu wake amesimama mwambani. Dakika arobaini zinapita, maji ya kwenye runinga yanachezacheza, hakuna kinachokatika. Kalamu yake imeshafika kwenye fomu. Hakuna hitilafu.

Ndipo inafika saa nne, na Mama Yasue anatokea akifuta mikono.

“Fundi, upumzike kidogo upate chai.”

Kwenye pwani hii fundi akiwa nyumbani kwa mtu, saa nne hupewa chai na saa tisa hupewa chai. Wamepewa maseremala, wamepewa wapaua nyumba, alipewa hata mtu aliyekuja kukata umeme. Lakini miaka minane iliyopita kampuni ilitoa waraka: fundi asipokee kitu cha kuliwa wala kunywewa. Wale vijana wawili, waliofika saa zizi hizi za asubuhi, waliinama kwa adabu na kusema hapana, asante, ni taratibu. Mama Yasue aliwasihi mara tatu, nao mara tatu wakainama.

Fumie waraka huo anaujua. Anadai ameuweka chini ya mguu mfupi wa meza yake nyumbani, na tangu hapo meza haijatikisika.

“Nitashukuru, mama,” anasema.

“Ngoja basi nikupashie maandazi.”

Ni yale maandazi ya mvuke yenye maharage matamu ndani. Mlango wa maikrowevu unafungwa. Maikrowevu yenyewe ni ya zamani, waliyoinunua binti yao alipomaliza shule, na sasa hata watoto wa binti huyo wamemaliza shule. Inaanza kunguruma kama treni inayopanda mlima.

Sebuleni, mtu wa Mzee Kurosu anaganda, fimbo hewani. Maandishi yanatokea: mtandao umekatika.

“Si unaona! Si unaona!” mzee anapiga kelele. “Hata saa tisa haijafika!”

Fumie haangalii runinga. Anasikiliza. Jikoni kengele inalia, ngurumo inakoma. Baada ya muda mfupi, mtandao unarudi.

“Mama Yasue,” anaita taratibu, “hebu nipashie na lingine.”

Linapashwa, mtandao unakatika. Linapashwa la tatu, unakatika. Fumie anayala moja baada ya jingine, kwa sababu, anasema, ushahidi hautupwi.

Kisha anawaeleza. Waifai husafiri hewani, na maikrowevu kuukuu kama hii, mlango wake umelegea, huvujisha mawimbi yanayofanana na yale ya waifai. Ruta iko juu ya jokofu, na tangu Mama Yasue apange jiko upya mwanzoni mwa mwezi, maikrowevu iko pembeni yake. Ikinguruma, mashine ya gemu huko sebuleni haisikii tena chochote.

“Sasa saa tisa,” Fumie anauliza, “huwa unapasha nini?”

Mama Yasue anaangalia chini. Anakunja aproni yake, anaikunjua.

“Mawili,” anasema mwishowe. “La kwake na la Genpachi. La Genpachi naliweka mbele ya runinga. Yeye anakwenda kumtembelea mwenzake, sasa atakwendaje mikono mitupu?”

Anaugusa mlango wa maikrowevu.

“Halafu ikikatika ananuna. Akinuna namwongezea chai ya moto. Akizidi kununa napasha tena andazi, maana limeshapoa.” Anakaa kwenye kiti cha jikoni. “Kumbe ni mimi.”

Mzee Kurosu amefungua mdomo. Mtu anayemjua angetegemea ngurumo kubwa kuliko ya maikrowevu. Anamtazama mkewe, kisha lile andazi la mwisho kwenye sahani.

“Miaka hamsini na nne namwambia huyu mwanamke ananilisha kupita kiasi,” anamwambia Fumie. “Leo angalau nimepata shahidi.”

Mama Yasue anacheka huku akijifuta macho. “Nitaacha kupasha,” anasema. “Atakula ya baridi.”

Hapo Fumie angeweza kuondoka. Hitilafu imeonekana, na kazi ya kampuni inaishia kwenye ruta; kinachotokea baada ya hapo ni cha mwenye nyumba. Lakini kichwa chake kinakataa.

“Hapana, mama. Wewe pasha. Waya ndio utakaohama.”

Anafunua mlango wa sakafuni jikoni, anawasha tochi ya kichwani, anaingia chini ya nyumba kwa tumbo. Mita kumi na nane za waya, kutoka kwenye ruta hadi nyuma ya mashine ya gemu, ili mazungumzo ya wazee hawa yasipite hewani tena. Huko chini baridi ni kali, buibui wamelala, na magoti yake yanataja majina ya watakatifu wote wa hekalu la mtaa. Juu yake, Mzee Kurosu anafuata kwa kugonga sakafu na fimbo: “Huku! Huku! Umepita, binti, rudi nyuma!”

Akiwa huko chini simu inalia. Ni Shirakabe, msimamizi wake, miaka 34.

“Mama Isozaki, uko wapi?”

“Chini ya nyumba.”

“Chini ya... Umeona hitilafu?”

“Nimeiona. Nimeila.”

Saa tisa kasoro dakika tano amerudi, wakati wake wa mapumziko, akitoka nyumba nyingine mbili. Mama Yasue amesimama mbele ya maikrowevu, kidole juu ya kitufe, anasita. Fumie anamwashiria: bonyeza. Ngurumo inaanza.

Mtu wa Mzee Kurosu amesimama mwambani. Hagandi.

Lakini yuko peke yake. Saa tisa kamili. Saa tisa na dakika nne. Andazi la Genpachi linatoa mvuke mbele ya runinga.

Saa tisa na dakika saba, mtu mwingine anajitokeza upande wa pili wa mwamba, kofia nyekundu, ameinamisha kichwa. Hasogei.

Mzee Kurosu anainuka, mgongo mbovu na yote. Ananyoosha mkono wote kuelekea kwenye runinga, kama mtu aliyeona taa ya reli kwenye tufani.

“Genpachi, yupo!”

Genpachi hamsikii, yuko kilomita arobaini. Basi mzee anaitafuta kwenye pedi ile alama ya kunyoosha kidole, anaibonyeza, na mtu wake naye ananyoosha.

Sekunde zinapita, nyingi. Kisha yule wa kofia nyekundu anainua kichwa, na mkono wake wa kulia unanyooka mbele. Anajibu.

“Sawa!” anasema Mzee Kurosu, na anakaa chini haraka, kana kwamba treni imeondoka ghafla.

Jioni ile Fumie alijaza fomu. Kwenye nafasi ya chanzo cha hitilafu aliandika: maandazi mawili. Shirakabe alimrudishia mara mbili ili arekebishe, mara ya tatu akaigonga muhuri.

Machi Fumie anatimiza miaka sitini. Kampuni imempa nafasi ya kukaa mezani, kupokea simu za wateja. Amekataa. Ameshaona gari dogo jeupe la mkono wa pili, na anataka kupita nyumba za pwani hii akifanya yale ambayo si kazi ya mtu yeyote: mashine za gemu, runinga, simu za wajukuu zisizoshika. Jumamosi ataanzia kule kwenye nyumba ya wazee, upande wa kitanda cha Genpachi, aone waya wake umekaaje.

Kadi za biashara ameshachapisha, mia mbili. Chini ya jina lake kuna mistari miwili tu:

Kuanzia kwenye ruta hadi kwako.
Chai napokea.