Feni Iliyogeuzwa

Wanawake wa mtaa wetu wa Waberi walianza kunipa pole kabla sijajua nimefiwa na nini. Ramlo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuja dukani kwangu Soko Mugdi, akashika kitambaa ambacho hakuwa na nia ya kukinunua, akasema, "Abaayo Raho, dada yangu, wewe vumilia tu. Wanaume iko hivyo. Hiyo msichana anaingia kwako kila siku, na sisi iko na macho."

Msichana mwenyewe ni Ruweyda. Nilimwambia Ramlo akilipie kitambaa changu au akiachilie. Ukweli sikuweza kumweleza, ungetumaliza mchana kutwa: kwamba nyumbani kwangu wivu ulikuwepo, tena wa kutosha kugawia mtaa mzima, ila mwenye wivu alikuwa mume wangu. Shueb alimwonea Ruweyda wivu kama mke mkubwa anavyomwonea mke mdogo.

Kazi ya Shueb watu wengi hawaielewi, na hata mimi nilichelewa kuielewa. Wanaoandika programu za kompyuta wana programu nyingine wanayoiita debaga. Programu yako ikikosea, debaga huisimamisha katikati ya kazi na kukuonyesha ndani yake kuna nini, kama fundi anayefungua boneti injini ikiwa inanguruma. Debaga hiyo nayo huandikwa na watu, wengine Nairobi, wengine hapa Garissa, wengine nchi nisizozijua, na hakuna siku ambayo mtu habadilishi kitu. Kila badiliko likiingia, mashine ya Shueb huipitisha debaga katika maelfu ya majaribio, yenyewe, bila kuguswa. Kazi yake ni kutazama kipi kilichofaulu jana kimeanguka leo, na kimeangushwa na badiliko la nani. Wenyewe wanaita kurudi nyuma. "Kitu kipya kikikosea, hiyo ni kawaida," huniambia. "Kitu kilichokuwa kizima kikiharibika, kuna mtu amekigusa."

Kumpata huyo mtu ndiko kwenye ufundi. Huyapanga mabadiliko yote ya wiki, akajaribu la katikati. Likifaulu, kosa liko baada yake. Likianguka, kosa liko hapo hapo au kabla. Hugawa nusu, kisha nusu ya nusu, hadi libaki moja. Halafu, na hapa ndipo Shueb alipojipatia jina, huanza kurudi: hulijaribu tena badiliko lile, kisha hulitoa na kujaribu bila hilo. Hayo aliyarithi kwa marehemu baba yake, Mzee Kulow, mfugaji wa Takaba. Mzee akipotelewa na ngamia alifuata nyayo hadi kwenye boma la mtu, lakini hakufungua mdomo. Alirudi na nyayo zile zile hadi zilipoanzia, asije akawa amechanganya ngamia wawili njiani, ndipo amtaje mtu. "Nyayo usizozirudi," alikuwa akisema, "usimtaje mtu kwazo."

Ruweyda alitoka Elwak kuja kuishi na shangazi yake, nyuma ya nyumba yetu. Shueb wakati huo alikuwa pia mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari, na msichana hakuishiwa maswali. Alimfundisha barazani kwetu, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo nakunja vitambaa. Alimfundisha kugawa nusu kwa nusu, akamfundisha na kurudi nyayo. Ruweyda alipopata nafasi katika kikundi chao cha debaga, Shueb alichinja mbuzi. Mwaka haukwisha kabla mbuzi yule hajamtokea puani.

Ilianza kwa neno dogo. Barwaqo, mkubwa wao aliye Nairobi, alisema mkutanoni kwamba Ruweyda ana macho. Kisha akaongeza kuwa Alhamisi ijayo atamtaja mkuu wa majaribio, mtu mmoja wa kuyasimamia yote. Shueb alitoka chumbani mwake kama aliyemeza mwiba.

"Eti ana macho," akaniambia. "Mimi miaka yote hii nimekuwa nikitazama kwa magoti?"

Tangu hapo hakuna kilichompendeza. Ruweyda akisifiwa, chai ina chumvi. Ruweyda akiuliza swali, anajionyesha. Asipouliza, ameshaota pembe. Chumba chake cha kazi kimeezekwa bati na mashine imebanwa ukutani, na siku zote feni yetu ya pekee imekuwa ikiipulizia mashine, yeye akijipepea kwa kipande cha kanga yangu. Wiki hiyo niliikuta feni imegeuzwa, inampuliza yeye.

"Nina joto," alisema nilipouliza.

Nikamwacha. Ni kweli alikuwa na joto, ila halikuwa la jua.

Siku chache kabla ya Alhamisi, jaribio moja lililokuwa likifaulu siku zote lilianguka mchana. Kesho yake Shueb aliamka na nguvu mpya. Baada ya sala ya alfajiri alijaribu debaga ya wiki iliyopita, ikafaulu. Asubuhi kabla jua halijakaza alijaribu badiliko la katikati, nalo likafaulu. Baada ya adhuhuri akaendelea na nusu iliyobaki, na kila alichojaribu kilianguka. Akagawa, akagawa tena, hadi likabaki badiliko moja, lile lililofuata la katikati. Lilikuwa la Ruweyda.

Mchana huo alikula sahani yake akamalizia na ya mtoto.

"Nyayo umezirudi?" nilimuuliza.

"Zinaonekana wazi."

"Baba yako, Mungu amrehemu, angezirudi."

"Baba yangu hakuwa na mkutano Alhamisi," alisema, akaenda kuwaandikia wote kuwa Ruweyda ameharibu kitu kilichokuwa kizima.

Nilitegemea msichana angebisha. Hakubisha. Aliliondoa badiliko lake, akaandika samahani kwa usumbufu. Alasiri hiyo hiyo alituletea maziwa ya ngamia kutoka kwa shangazi yake, kama kawaida yake, Shueb akiwa msikitini. Nikiwa nachemsha chai nilimwona amesimama kwenye mlango wa kile chumba. Alitazama feni, akaigusa mashine kwa kiganja, akauondoa mkono haraka. Nilidhani anaiaga kazi aliyoikosa, nikamwonea huruma. Alikunywa chai, akaulizia watoto, akaenda zake.

Kesho yake, Jumatano, nilirudi kula nikamkuta Shueb ameduwaa mbele ya kioo cha kompyuta. Badiliko la Ruweyda lilikuwa limeshatoka, na jaribio lilikuwa limeanguka vile vile. Kisha akaiangalia feni, akaweka mkono juu ya mashine, akasema "Subhanallah" kwa sauti ya chini. Aliigeuza feni ielekee mashine, tukangoja ipoe, akajaribu tena. Likafaulu. Akaigeuza imwelekee yeye, tukangoja tena. Likaanguka.

"Mashine ikizidiwa na joto hujipunguzia mwendo isije ikaungua," alinieleza bila kunitazama. "Na jaribio hili lina muda wake wa kungoja jibu. Jibu linakuja, ila limechelewa, kwa hiyo linahesabiwa limekosa. Asubuhi hewa ni baridi, linafaulu. Mchana linaanguka. Badiliko la mtoto wa watu lilikutana na mchana tu."

"Kwa hiyo Ruweyda hana kosa."

"Hana."

"Na nani anajua?"

"Mimi na wewe." Aliigeuza feni kwenye mashine, akaiacha hapo. "Nikiiacha hivi, kesho yote yanafaulu. Badiliko lake limetoka, kosa limekwisha. Hakuna atakayeuliza. Barwaqo atanitaja mimi."

Nilimwambia mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilimwambia kwamba mtoto yule alikula kwenye sinia yetu, na kwamba aliyemchoma si jua, ni wivu wake yeye, mtu mzima na ndevu zake. Nilisema mengi, maana nikianza huwa sisimami karibu. Hakunijibu hata neno. Ukimya huo naujua, ndio ule ule wa mtu aliyekwisha kuamua na hataki kuulizwa. Nikajua kesho atanyamaza, ukuu utaingia nyumbani kwangu, na mimi nitaukaribisha kwa uso wa kununa.

Alhamisi sikufungua duka. Nilitaka kumshuhudia kwa macho yangu, ili siku nitakayogombana naye nisikose maneno. Nilisimama nyuma ya pazia kabla ya mkutano wao. Alikuwa amempigia Ruweyda simu, simu iko mezani, sauti inasikika chumba kizima.

"Ruweyda, badiliko lako ni zima," alisema. "Lililoharibu ni joto la mashine yangu. Feni niliigeuza mimi. Sikurudi nyayo. Nimewaandikia wote asubuhi hii, na Barwaqo pia."

"Najua, maalim," alisema Ruweyda. "Ile siku nilileta maziwa niliona feni. Mashine ilikuwa inachoma mkono."

"Umejua tangu siku ile? Na hukusema?"

"Nilikuwa nangoja tu. Si ni wewe ulinifunza hii kitu ya kurudi nyayo. Nilijua utarudi."

Saa ya mkutano Barwaqo alimtaja Ruweyda. Shueb alimpongeza kwa sauti nzuri, kisha akaja jikoni, akaketi kwenye gunia la mchele, akaniambia, "Hata kungoja ananishinda." Wivu wake haujapoa mpaka leo, nisiwadanganye. Msichana akisifiwa bado chai ina chumvi. Lakini feni inaipuliza mashine, na yeye anajipepea kwa kipande cha kanga.

Mimi ndiye niliyebaki na langu. Mtu yule nimemzalia, nimemuuguza, ninajua anavyokohoa kabla ya kusema uongo, na usiku kucha nilikuwa nimejiapiza kwamba atanyamaza. Msichana wa juzi, aliyeingia kwangu na maswali na maziwa, alijua kwamba atarudi.

Ramlo alikuja tena dukani na pole zake. Safari hii sikumfukuza. Nilimsogezea kigoda, nikamwacha anipe, maana sasa nilijua nimefiwa na nini.