Nguzo ya Thelathini na Moja

Aibu hii nimewaachia watu waisimulie miaka yote, nao wakaitia chumvi watakavyo, basi leo naisema mwenyewe: siku ya posa ya mwanangu Zuhura niliumbuka mbele ya kijiji kizima, na kilichoniponza ni mdomo wangu.

Kituo chetu, upande huu wa Kibaha, hakikuwa na jina wala kibanda. Treni ilisimama penye nguzo ya reli yenye namba 31, yaani maili thelathini na moja kutoka Dar, na ndivyo tulivyoelekezana, hata sisi tusiojua kusoma. Nikawapelekea salamu wakwe, watu wa Dar: shukeni thelathini na moja. Wiki ileile wakaja watu wa reli, wakaing'oa nguzo yetu, wakasimika nyingine. Nyapara wao akaniambia, "Mama, maili zimekwisha, sasa ni kilometa. Thelathini na moja imerudi kule nyuma, upande wa Dar, msituni."

Nikamjibu (na majirani walikuwepo, ndiyo maana sina pa kujificha), "Hesabu ni zenu, baba. Nyumba yangu haijahama."

Shemeji yangu akajitolea kwenda Dar aje nao. Nikamkatalia. Kwani hawana macho?

Siku yenyewe nikapika pilau, nikaazima mikeka, wanawake wakajipanga relini, treni ikaja, vigelegele vikapaa, akashuka muuza kuku peke yake (maskini, akatupungia mkono). Kumbe wazee wale walikuwa wakichungulia nguzo dirishani, wakaiona 31, treni iliposimama kungoja njia wakateremka na kanzu zao na sinia la posa, katikati ya msitu wa Kisarawe. Mvua ikawanyeshea mpaka jioni.

Kesho yake mshenga akaja, matope mpaka magotini, akakataa hata maji.

"Wakubwa wanasema wametukanwa, posa hakuna. Nami nimesikia ulivyomjibu nyapara. Nitawaambia nyumba yako imehama."

Majirani wakacheka. Zuhura hakucheka. Kijana wao aliyetaka kumposa akaoa kijiji cha Mbwawa, mwanangu akabaki ananitwangia mahindi miaka na miaka.

Tangu hapo mgeni wangu simwelekezi, namfuata mwenyewe anaposhukia, mvua au jua. Juzi Zuhura kanikuta najifunga khanga niende kumpokea mgeni.

"Siku hizi unajua kutembea, mama," akasema.

Nikaikaza khanga, nikashika njia ya relini.